Vikopo vya Mgomba Havisubiri Kikao

Jumatano ya Majivu ya mwaka huu tulimpoteza wifi yangu, Nambeye. Alifia nje ya jiko, ameketi kwenye kigoda, beseni la magome ya mgomba mbele yake. Mimi nilikuwa ndani nakoroga uji. Nilimsemesha, hakunijibu, nikadhani amenuna. Wifi yangu alikuwa mtu wa kununa na mimi sikuwa mtu wa kubembeleza, kwa hiyo nikaendelea kukoroga mpaka uji ukaiva. Nilipotoka na vikombe ndipo nikajua kwamba safari hii hakuwa amenuna.

Ninyi vijana wa kikundi cha kitalu mliniomba niwaandikie jinsi ya kutengeneza vikopo vya miche nyumbani, bila nailoni. Mliomba maelekezo tu. Maelekezo nitawapa, lakini siwezi kuyatoa bila Nambeye ndani yake, kwa sababu mengi ni yake na makosa mengi pia ni yake. Yaliyobaki ni yangu. Nimesoma mpaka darasa la saba, basi msitafute humu maneno makubwa.

Mimi ni Mndali wa Ileje. Nimezaliwa kwenye vilima vya juu ya Itumba, nikaolewa huku Mbozi kwa Simbeye. Kwa Wanamwanga, mwanamume akiwa Simbeye, dada yake ni Nambeye. Siku naletwa hapa, Nambeye alinipokea mlangoni, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akamwambia kaka yake, "Ulisema unaleta mke. Huyu ni mche. Umemtoa kitalu gani?"

Nilikuwa mwembamba kweli. Nikamjibu, "Mche ukishika, wifi, linalong'olewa ni gugu."

Kuanzia hapo tukaelewana. Nambeye alipofiwa na mumewe, alirudi akajenga nyumba yake pembeni ya yetu, yeye na mwanawe mmoja, Ezekia. Sote wawili, mimi na yeye, tulifanya kazi kwenye kitalu cha kahawa kile cha chini ya barabara ya kwenda Mlowo mpaka tukastaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa kujaza viriba. Mnavijua, vile vimifuko vyeusi vya nailoni vya kukuzia miche. Unashika mdomo kwa mkono wa kushoto, unatia udongo, unasindilia kitako kwa vidole viwili, unagonga chini, unajaza tena. Usiposindilia kitako, kiriba kinasimama kama mlevi anayesalimia watu. Tulijaza viriba mpaka vidole vikawa na umbo la viriba. Kanisani Nambeye akikunja mikono kusali, vidole viwili vilikuwa vikisindilia vyenyewe.

Msidhani tulianza vikopo vya mgomba kwa kupenda mazingira. Neno mazingira tulikuwa hatujalisikia. Tulianza kwa sababu ya ng'ombe.

Nambeye alikuwa na ng'ombe aliyemwita Mshahara. Alisema mshahara wa kitalu unakuja unapotaka, kwa hiyo ameamua kuwa na mshahara mmoja ambao anaweza kuukamua kila asubuhi. Wakulima walikuwa wakichukua miche kwetu, wanavua viriba, wanavitupa kando ya shamba. Viriba vina chumvichumvi ya mbolea, na ng'ombe hupenda chumvi. Mshahara akaacha kula, akavimba, akalala, akafa. Alipopasuliwa, tumboni likatoka bunda la nailoni limesokotana kama kamba ya kisima. Nambeye akaliokota, akaliosha, akakivua kiriba kimoja kutoka kwenye lile bunda, akakitazama kwenye mwanga.

"Hiki nimekijaza mimi," akasema.

"Umejuaje?"

"Kitako kimesindiliwa vizuri."

Kesho yake tulirudi kazini tukajaza viriba kama kawaida, maana watoto walikuwa wanakula. Lakini jioni, nyuma ya jiko, tulianza kujaribu vitu vingine. Nambeye alikuwa akisema mchana tunatenda dhambi na jioni tunatubu, na kwamba hiyo ndiyo ratiba ya Wakristo wengi.

Sasa maelekezo. Cha kwanza tulichojaribu kilikuwa karatasi. Magazeti ya zamani, unakata vipande, unazungushia kwenye chupa, unagandisha kwa uji mzito. Vilitoka vizuri, vyeupe, vimesimama. Tukavipanga kivulini tukaenda kulala tukijisifu. Asubuhi tukakuta mbuzi wa jirani wamesimama katikati, midomo imejaa habari za michezo. Walikuwa wamekula kazi yote pamoja na uji. Mwenye mbuzi alikuja kulalamika kwamba tumewaharibu, sasa hawataki majani. Kwa hiyo ukitumia uji kama gundi, tia majivu ndani yake. Mbuzi hapendi majivu.

Cha pili kilikuwa samadi. Unachanganya samadi ya ng'ombe, pumba za mahindi na udongo wa mfinyanzi kidogo, unakandamiza ndani ya kikombe, unakausha. Kikopo cha samadi ni kigumu na kinadumu. Sisi tulitumia samadi mbichi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Samadi mbichi ina moto. Miche ilisimama juma moja, ikageuka njano, ikainama yote kwa pamoja kama washarika wakati wa baraka. Ilitubidi tumwambie mwenye miche ukweli. Yeye alidhani tumeiloga, na kusema kweli ingekuwa heshima zaidi, maana mchawi angalau anajua anachofanya.

Aliyetuonyesha kosa letu alikuwa bibi shamba mmoja, msichana wa chuo, alikuja na pikipiki akiwa na matope mpaka magotini. Nambeye alimtazama akaninong'oneza, "Huyu hata kope zake hazijakomaa." Lakini yule msichana alikuwa anajua. Alituambia samadi ikae mpaka ipoe na iache kunuka. Alituambia pia mambo mawili ambayo ninyi mtayasahau, kwa hiyo yasomeni mara mbili. Kikopo kinachooza kilowekwe chote kabla ya kwenda shambani, kwa sababu kikiwa kikavu kitanyonya maji ya mche badala ya kuupa. Na mdomo wa kikopo usiachwe ukichungulia juu ya udongo. Ukichungulia, upepo unaunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta, na mizizi inakauka chini huku wewe umemwagilia. Uukunje au uukate, uufukie. Nambeye alimpa kuku yule msichana. Wifi yangu hakuwa mtu wa kugawa kuku.

Cha tatu, ambacho ndicho tulichobaki nacho, ni mgomba. Chukua magome ya mgomba ulioshakatwa mkungu. Msikate mgomba mzima kwa ajili ya kikopo, huo ni uhuni. Gome la nje kabisa limepasuka, liache. La ndani kabisa ni maji matupu, liache. Chukua ya katikati. Anika kivulini, maana likikaushwa juani linakuwa kama chapati ya juzi. Asubuhi, umande ukiwa umelilainisha, au ukililoweka kidogo kwenye beseni, linakubali kukunjwa. Zungusha kwenye chupa, kunja kitako kama unavyokunja karatasi ya karanga, piga kijiti pembeni. Mwiba unafaa. Nambeye alipenda vijiti vya mianzi nilivyokuwa naletewa kutoka kwetu Ileje.

"Hiki," alikuwa akisema akiinua kijiti, "ndicho kitu pekee cha maana ambacho ukoo wenu umewahi kutuletea."

"Na mimi je?"

"Nimesema cha maana."

Vipangwe vimebanana ili viegemeane. Na ukibeba, tia kiganja chini ya kitako. Usishike mdomo. Kiriba unakibeba kwa mdomo kama paka anavyobeba mtoto, kikopo cha mgomba hakikubali.

Mkuu wetu wa kitalu, mzee Lazaro, alikuja siku moja nyuma ya jiko kuona tunachofanya. Tulidhani atatufukuza kazi. Alikaa, akageuza kikopo mkononi, akauliza, "Kinaoza?"

Tukasema kinaoza.

"Vizuri. Kikopo kina kazi ya kuoza mara mbili. Kwanza kinaoza mche, kama baba anavyooza binti, kinaukabidhi kwa ardhi. Kikishamaliza harusi, kinaoza chenyewe. Kiriba cha nailoni ni baba mkwe asiyetaka kuondoka baada ya harusi." Alicheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akatuambia tusimwambie mtu kwamba amesema hivyo, maana yeye ndiye aliyekuwa akiagiza viriba.

Neno hilo la kuoza ndilo lililotuletea taabu zote zilizofuata. Watu hawataki kitu kinachooza. Tulipeleka vikopo mnadani Mlowo, mama mmoja akabonyeza, akauliza, "Kinadumu?" Nambeye, kwa kuwa hakujua kudanganya, akasema, "Hapana, mama, kinaoza, ndiyo sifa yake." Yule mama akatutazama kwa huruma, akatuelekeza kwa mwanamke aliyekuwa akiuza nyanya mbovu, akasema labda tukae pamoja.

Waliochukua wakafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nicheke au nilie. Kwa miaka mingi tulikuwa tumewafundisha wakulima: vua kiriba kabla ya kupanda. Tuliimba mpaka watoto wakajua. Wakulima wakaitikia "Ndiyo!" na wengi wakaenda wakapanda na nailoni yake, wakisema inazuia mchwa. Miche ikakaa ndani mizizi ikizunguka kama mtu aliyekosa mlango, na mwaka wa tatu kahawa inakufa. Sasa tukawapa vikopo vya mgomba tukawaambia: hivi msivue. Wakaitikia "Ndiyo!" Na safari hii, Mungu shahidi, wakavua. Walikaa chini na visu wakamenya kikopo kimoja kimoja kama muwa, wakakata mizizi yote iliyokuwa imeshatoboa. Mzee mmoja wa kuelekea Galula alirudi na pikipiki, amefunga gunia nyuma.

"Nimewarudishia vyombo vyenu," akasema. "Nimeviosha."

Nambeye aliingia ndani akafunga mlango. Nilimpokea mimi lile gunia, nikamshukuru, maana alikuwa ametoka mbali na alikuwa mwaminifu.

Semina nayo ilikuja. Ulikuwa mwaka ule mifuko ya plastiki, zile rambo, ilipopigwa marufuku, na kila mtu akakumbuka mazingira. Tukaalikwa Tunduma, kwenye ukumbi wenye vitambaa kwenye viti. Bango la mbele lilikuwa la nailoni, pana kama ukuta, limeandikwa kwamba tuseme hapana kwa plastiki. Kila mtu alipewa maji ya chupa, na akimaliza anapewa nyingine. Chakula kilikuja kimefungwa ndani ya kitu kilichofungwa ndani ya kitu. Mgeni rasmi alipanda mti uani huku akipigwa picha, na kwa kuwa picha zilichelewa, aliupanda mara tatu. Mwisho tukapewa vyeti, vimefunikwa nailoni ngumu pande zote visilowe. Nambeye alikigonga chake kwa kucha, kikalia.

"Wifi," akasema, "hiki kitadumu mpaka kinisahau."

Sasa Ezekia. Lazima niwaeleze, maana bila yeye hakuna kilichobaki cha kusimulia. Ezekia amekulia kitaluni, mgongoni mwa mama yake. Alipokuwa mkubwa akaenda Tunduma mpakani, akaanza kuuza hiki na kile na Wazambia, akajifunza Kibemba cha sokoni, akafanikiwa. Na duka lake linauza nini? Nailoni. Nailoni ya kuezekea vibanda, nailoni ya kufunikia mizigo ya malori, mabeseni, maua ya plastiki, na viriba vya kila ukubwa. Si mtoto mbaya. Paa la bati la mama yake ni yeye. Bomba la uani ni yeye. Lakini wakikutana ilikuwa vita.

"Mayo," alikuwa akimwambia, ndivyo Wazambia wanavyomwita mama, "unaniharibia soko. Mama wa mwenye viriba anakunja magome!"

"Mimi sikuharibii. Mimi natembea nyuma yako nikifagia."

"Shangazi, mwambie huyu." Mimi ananiita shangazi ingawa ni mke wa mjomba wake.

"Mwambie mwenyewe," nikasema, "una mdomo wa kuuzia."

Siku moja mwaka jana, tukila maharage, mimi, mume wangu, Nambeye na Ezekia, Nambeye alisema bila kuinua kichwa, "Nikifa msinijengee vigae. Nipandieni mche mmoja wa kahawa kichwani, kwenye kikopo changu. Na kikopo msikivue."

Ezekia akacheka. "Mayo, watu watasema mwanao hana uwezo."

"Watasema kwa muda gani?"

Ezekia akavuta bakuli. Maharage yakaendelea.

Basi, Jumatano ya Majivu ikafika kama nilivyosema. Ezekia alilia kama mtoto, na nataka mlijue hilo kabla sijasema mengine. Kisha akajifuta machozi, akafanya anachokijua. Gari likaja kutoka Tunduma limejaa mashada ya maua ya plastiki, kila shada limefungwa nailoni juu yake ili mvua isiliharibu. Mchungaji akasoma kwamba u mavumbi wewe na mavumbini utarudi. Tukamzika kwenye shamba la nyumbani, karibu na migomba, kisha tukamfunika kwa maua ambayo hayakuwa na mpango wa kurudi mavumbini hata kidogo. Mvua ilinyesha usiku na mchana, hakuna ua hata moja lililonyauka. Kila asubuhi nilipotoka nje niliona ile rangi nyekundu kupitia migomba, na kwa nukta moja nilidhani kuna mtu amesimama pale na kanga mpya.

Nyuma ya jiko kulikuwa na vikopo vyake vya mwisho, vyenye miche ya kahawa aliyoihamishia mwenyewe kabla ya Krismasi. Majirani walikuja wakachukua mingi, nikawaacha. Nilibakiza mitatu. Mmoja ulikuwa wa kichwani pake.

Ikaundwa kamati ya kujengea kaburi. Siwalaumu, msiba bila kamati huku kwetu unahesabika kama ajali. Mwenyekiti alikuwa mzee wa ukoo ambaye amewahi kuwa mwenyekiti wa kila kitu isipokuwa kitu kilichokamilika. Nilieleza alichosema marehemu. Mume wangu alikuwepo, akaitikia kwa kichwa tu. Simbeye ni mtu wa maneno machache, na baada ya dada yake kufa yale machache nayo yakaisha.

Ezekia akasema, "Mimi ni mwanawe wa pekee. Mama yangu hatalala chini ya majani kama hana watu."

Kamati ikajadili. Mmoja akauliza mizizi ya kahawa itafika wapi. Mwingine akauliza, mche ukikua ukazaa, buni hizo zitakuwa za nani: za mtoto, za kaka, au za ukoo? Wa tatu akauliza swali lililowanyamazisha wote.

"Na hiyo kahawa nani atainywa?"

Wakalamba midomo. Nadhani kila mmoja alikuwa anaionja. Mwenyekiti akasema jambo hili ni zito, lisogezwe kikao kijacho, na kwa kuwa vigae vya Ezekia vilikuwa bado kwenye foleni ya malori pale mpakani, hakukuwa na haraka.

"Mwenyekiti," nikasema, "haraka ipo. Kikopo cha mgomba hakisubiri kikao. Kinaoza."

"Basi tutaliingiza kwenye mengineyo," akasema.

Kikao kilichofuata hakikufika kwenye mengineyo. Cha baada yake kiliahirishwa kwa sababu mwenyekiti alikwenda kwenye kamati nyingine, ya kuziba shimo la barabarani pale njia panda. Huku nyuma ya jiko mizizi myeupe ilianza kutokeza pembeni mwa vikopo. Hiyo ndiyo saa ya kupanda, vijana. Mzizi ukitokeza nje na kukuta hewa, unasimama kusubiri. Ukisubirishwa sana unakauka ncha. Nilikuwa nikivimwagilia taratibu kwa kikombe, kitako kwanza, nikiongea navyo kama mwendawazimu. Mvua za mwaka zilikuwa zinaelekea ukingoni, mawingu yanakuja mchana yanaondoka bila kuacha kitu. Miche miwili nikaona haitafika, nikaipanda shambani mwenyewe. Ukabaki mmoja. Kama ule ungekufa, Nambeye angelala chini ya vigae na maua ya dukani, na ningekuwa nimeshindwa jambo moja tu aliloniomba maishani. Mengine yote alikuwa ananiamuru.

Vigae vikafika Jumamosi. Vyeupe, vina picha ya waridi. Ezekia alikuja na fundi, akiwa amevaa viatu vya kung'aa. Mwenyekiti alikuwepo, na baadhi ya wanakamati, na mume wangu amesimama pembeni. Mashada yalikuwa yameshaondolewa, kaburi likabaki udongo mtupu, na fundi alikuwa anakoroga zege kwenye bati. Nikauchukua mche, nikauweka kwenye beseni, nikaenda.

"Shangazi," Ezekia akasema aliponiona, "tulishaongea."

"Tuliongea. Sikuja kuongea. Nimekuletea mali ya mama yako. Kama ni ya kutupwa, itupe wewe. Mimi mkono wangu hauwezi."

Akakasirika. Akanyoosha mkono, akaushika mdomo wa kikopo kama anavyoshika viriba vyake dukani, akainua.

Kikopo kikafunguka chote mkononi mwake. Gome likadondoka vipande vipande, laini kama mkate uliolowa. Lakini udongo haukumwagika. Mizizi ilikuwa imeushika, myeupe pande zote, na Ezekia akajikuta ameukumbatia kwa mikono miwili mbele ya kifua, shati jeupe na yote.

"Shangazi, kimeoza!"

"Ndiyo."

"Chukua."

"Mikono yangu imeshika beseni."

Beseni lilikuwa tupu. Lakini sikuliweka chini.

Akatazama huku na huku mahali pa kuuweka. Kiriba ungekiweka popote, hata juu ya boneti ya gari, ukakisahau mwezi mzima. Ule haukuwa na mahali pa kukaa isipokuwa ndani ya ardhi. Udongo ukaanza kudondoka juu ya viatu.

"Bosi," fundi akasema, "nianze upande gani?"

"Subiri."

"Zege linakaza, bosi."

"Nimesema subiri!"

Mwenyekiti akakohoa, akasema labda wajumbe wakae pembeni kidogo washauriane. Hakuna aliyesogea. Ezekia alikuwa anaitazama ile mizizi kwa karibu. "Nichimbe na nini sasa?" akauliza, kwa sauti ndogo, si kwetu.

Mume wangu alikwenda kwa fundi, akamnyang'anya mwiko, akaupangusa kwenye suruali, akampelekea Ezekia. Kwa kuwa Ezekia mikono yake ilikuwa imejaa, Simbeye mwenyewe akapiga magoti kichwani pa dada yake akachimba. Ezekia naye akapiga magoti, akaushusha mche. Kisha akaanza kuokota vile vipande vya gome vilivyobaki vimeng'ang'ania pembeni.

"Haya niyatoe?"

"Acha," nikasema. "Ule mdomo uliobaki ndio uukunje, uingie chini."

Akaukunja. Akarudishia udongo, akasindilia kuzunguka shina kwa vidole viwili, akasukuma, akasindilia tena. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Akaomba maji, maji yakatoka kwenye gari lake, ya chupa, akamimina yote taratibu, kisha akabaki amepiga magoti na chupa tupu mkononi. Tulimwacha. Wanakamati walitazama migomba.

Fundi alivumilia kadiri alivyoweza. "Samahani, bosi," akasema mwisho, "na zege je? Likikauka kwenye bati ni hasara."

Ezekia akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akatazama zege, akamtazama mwenyekiti. "Lile shimo la njia panda," akauliza, "bado lipo?"

"Lipo," mwenyekiti akasema. "Kamati inalishughulikia."

"Zege lipelekeni pale."

Wakalibeba, fundi mbele, Ezekia nyuma na viatu vyake vyenye udongo, mwenyekiti akiwafuata akisema jambo hili linahitaji idhini. Wakalijaza shimo, wakalisawazisha kwa mwiko. Bodaboda wa kwanza akapita juu yake kabla halijakauka.